Vitabu ambavyo sikuandikiwa mimi

Kuna kipindi nilikuwa nasoma vitabu vya kujiendeleza kama mtu anayekimbizwa. Hatua saba za hiki, siri kumi za kile, siku arobaini uwe mtu mpya. Kimoja nilikipiga mistari ya njano karibu kila ukurasa mpaka kikawa kama kimemwagikiwa manjano, na leo nikikifungua, kweli tena, sikumbuki hata jambo moja lililokuwemo. Siku ya arobaini ilifika nikiwa yule yule, sema nimechoka tu.

Baadaye sana ndo nikaja kushtuka kwamba vitabu vilivyonishika mpaka leo, karibu vyote, mwandishi hakuwa anaongea na mimi. Alikuwa anaongea na Mungu, au na moyo wake, au anaandika kwenye daftari kwa sababu angelala na hayo mambo kichwani angepasuka. Mi nimepita tu dirishani nikasikia. Na mtu asiyejua kama unamsikiliza hana haja ya kujifanya mwalimu. Kwa hiyo mkiniuliza nisome nini, mi nawatajia wa aina hiyo.

Wa kwanza hata kitabu hakuandika. Bruda Lawrence, mtawa wa shirika la Kikatoliki la Wakarmeli mjini Paris, alifariki 1691. Alikuwa mwanajeshi, akaumia mguu, akaingia utawani akapangiwa jikoni, na jikoni penyewe hakupapenda hata kidogo, lakini alikaa humo miaka na miaka. Alipokufa ndo watu wakakusanya barua zake na maongezi yake. Kinachonimaliza ni pale anaposema akigeuza kimayai chake kwenye kikaango anakigeuza kwa kumpenda Mungu, na kikishaiva, kama hana kingine cha kufanya, anasujudu. Basi. Hana fomula, hana ratiba ya saa kumi alfajiri, yeye anaongea na Mungu katikati ya masufuria na watu wanamwitaita huku na huku. Nilijaribu kwenye kuosha vyombo nikaona rahisi hii, dakika ya pili nikawa tayari nagombana kichwani na mtu aliyeniudhi mwaka juzi. Na yeye mwenyewe anakiri mawazo yalikuwa yanamtoroka kila mara, anayarudisha, yanatoroka, anayarudisha, na hajipigi kwa hilo. Hapo ndo nilipumua.

Halafu kuna Maungamo ya Augustino, yule askofu wa Afrika Kaskazini, ya mwisho mwisho wa karne ya 4. Kitabu kizima anamwambia Mungu "wewe", sisi wasomaji tumekaa pembeni kama watoto waliojificha nyuma ya pazia. Ana sehemu ndefu kabisa anahangaika na mapeasi aliyoiba na wenzake akiwa na miaka 16, na hata njaa hawakuwa nayo, mengi wakawatupia nguruwe. Anajiuliza sasa niliyaibia nini, na anajibana mpaka unaona aibu ukikumbuka ya kwako. Na ndo huyo huyo anayekiri kwamba ujanani aliomba apewe usafi wa mwili, lakini isiwe sasa hivi. Nani hajawahi kuomba hivyo kwa lugha yake? Tahadhari moja tu, sehemu nne za mwisho anaacha stori ya maisha anaingia kwenye kumbukumbu, wakati na uumbaji, ukikwama usijione mjinga, ruka utarudi.

Marcus Aurelius nitampitia haraka maana mtandaoni wameshamgeuza mtu wa misemo. Yeye alikuwa Kaisari wa Roma, na Meditations ni maandiko aliyojiandikia mwenyewe kwa Kigiriki, mengine akiwa vitani. Nenda moja kwa moja sehemu ya tano inapoanza, anajibembeleza aamke kitandani. Kaisari mzima! Anajiuliza kwani uliumbwa ujifunike shuka upate joto? halafu anajijibu lakini ndo patamu hapa.

Ukiwa na msiba, achana na yote hayo tafuta A Grief Observed ya C. S. Lewis. Mke wake alifariki 1960 na mwaka uliofuata akakitoa kwa jina la bandia, N. W. Clerk. Huyu alikuwa ameshaandika vitabu vya kuitetea imani vikasomwa dunia nzima, sasa hapa anasema amemwendea Mungu akasikia mlango unafungwa na makomeo yanapigwa kwa ndani. Hakulainishi na hajilainishi. Mi nilikisoma kwa vipande, kurasa mbili naweka chini, kwa sababu wakati ule kila aliyekuja kunipa pole alikuwa na aya ya kuninyamazisha nayo, na huyu peke yake aliniacha nilie. Ni kidogo, jioni moja unakimaliza, ila nashauri usikimalize jioni moja.

Cha mwisho ni utenzi, na wengi tunaujua jina tu la shuleni. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Anausema moyo wake, sio wewe, anauuliza mbona huzinduki, hujui kama dunia inadanganya? Kisha anautembeza kwenye majumba ya matajiri wa Pate, kisiwa cha karibu na Lamu, yaliyokuwa yanawaka taa, sasa ni magofu. Kiamu chake, yaani Kiswahili cha Lamu, ni kigumu, chukua toleo lenye maelezo, soma beti kwa sauti hata kama huelewi yote, utashangaa mdomo unaelewa kabla yako. Pale kwenye yale madaka ya ukutani palipokuwa panapangwa sahani za fahari, anasema sasa wamelala makinda ya ndege, na bundi anakoroma ndani.

Jana usiku nilipofika hapo niliinua macho nikaangalia shelfu langu. Vile vitabu vya hatua saba vimejipanga vizuri tu, na buibui ameshatandaza uzi wake kutoka cha tatu kwenda cha nne.