Thorens TD 160: mngurumo umekwisha, na boksi la mninga limeahirishwa

Hatimaye mota ya Thorens TD 160, mashine yangu ya kuchezea santuri, imenyamaza. Chanzo cha mngurumo hakikuwa beringi wala mkanda. Ni mV 30 za DC, yaani umeme wa mkondo mmoja usiobadili mwelekeo.

Mota ya TD 160 ni sinkronasi (kasi yake hufuata masafa ya umeme) ya nguzo 16: kwenye 50 Hz inazunguka mara 375 kwa dakika, na masafa ya umeme yakiyumba nayo inayumba. Umeme ukikatika ukawasha jenereta yenye mzigo mdogo inayotoa 52 Hz, santuri inakwenda 34.67 badala ya 33⅓, na muziki unapanda karibu theluthi mbili za nusutoni. Mbaya zaidi, diski ya milia 180 ya kupimia kasi, ambayo milia yake huonekana imesimama kasi ikiwa sawa, haitakuambia, kwa sababu taa inayoimulika inakula umeme uleule. Mota na taa vinapotea pamoja, milia imetulia tuli. Taa ninayoiamini ni LED inayomweka mara 100 kwa sekunde ikiongozwa na saa ya kristali.

Kwa hiyo mota haitegemei tena masafa ya gridi. Chipu ya AD9833 inatoa wimbi la sine, chipu ya amplifaya ya TDA7294 inalikuza, na transfoma ya toroidi (yenye kiini cha duara kama pete) ya 230/12 V, 50 VA, iliyofungwa kinyumenyume, inalipandisha. Upande huo wa pili una volti za kuua, ufunikwe. Moduli nyingi za AD9833 huja na saa ya 25 MHz, na hapo hatua moja ya masafa ni 0.093 Hz, karibu asilimia 0.2 ya 50. Ni hatua ndefu mno: milia inateleza mbele, ukishusha inateleza nyuma. Ing'oe saa hiyo uweke ya 1 MHz, hatua inashuka hadi chini ya 0.004 Hz.

Sasa huo mngurumo. Dalili zilikuwa transfoma kupata joto bila mzigo, sauti ya 100 Hz, na mtetemo unaofika hadi kwenye sindano. Mkanda mpya haukusaidia, mafuta hayakusaidia, mipira ya mota haikusaidia. Kilichofichua siri ni kuichomoa mota kabisa: transfoma iliendelea kunguruma peke yake. Pima DC kwenye tokeo la amplifaya: mV 30. Inaonekana si kitu, ila koili ya 12 V ina ohm 0.2 tu, maana yake mA 150 za DC zinapita humo saa zote. Toroidi haina mwanya kwenye kiini chake, kwa hiyo chuma kinashiba sumaku upande mmoja wa wimbi, na wimbi linatoka limepinda. Transfoma ya kawaida ya mabati ya E na I ingevumilia zaidi.

Dawa: kapasita mbili za µF 10,000, 25 V, zifungwe hasi kwa hasi, ziwekwe kati ya amplifaya na koili. Zinabaki µF 5,000, yaani ohm 0.64 kwenye 50 Hz, hasara ndogo. Transfoma imepoa na kunyamaza papo hapo! Baada ya hapo, acha sahani inayobeba santuri ishike kasi kwa volti kamili, kisha shusha hadi asilimia 75 hivi. Mtetemo unapungua tena. Kama brashi ikigusa santuri milia inaanza kuteleza, umeshusha mno.

Boksi jipya la mninga nililopanga kuiwekea mashine nimeliweka kando. Kwenye mashine ya springi tatu, uzito wa boksi si muhimu kama ugumu wa sakafu yake, na ile hadibodi nyembamba ya chini inapiga kama ngoma. Plaiwudi ya marini ya mm 18 imechukua nafasi ya hadibodi hiyo, miguu ikahamia chini ya pembe, na matundu matatu ya mm 25 yanaruhusu spana kufikia nati za springi bila kufungua chochote. Hewa ya pwani haiipindi plaiwudi kama inavyopinda ubao mzima.

Kinachoendelea mezani sasa ni sumaku ndogo chini ya sahani ya ndani, mbali na katriji (kichwa chenye sindano), na sensa ya Hall inayohisi sumaku ikipita: pigo moja kila sekunde 1.8. Programu ichukue wastani wa mizunguko minane ndipo isogeze masafa. Ikirekebisha kila mzunguko, itaanza kuukimbiza mkanda na kuleta myumbo usiokuwepo.