Siku moja maishani mwangu: napima masizi kwa leza

Saa mbili kasoro asubuhi. Ni majira ya baridi hapa Ujerumani, nje bado giza. Maabara yetu haina dirisha na ndivyo tunavyotaka, maana kazi yangu ni kukamata mwanga hafifu sana. Nafungua maji ya kupoza kichomeo, nawasha leza ya kijani (nanomita 532), navaa miwani ya kinga.

Ninachopima ni masizi yakiwa bado yanazaliwa motoni. Chembe moja ina upana wa nanomita 10 hadi 50 hivi. Ukiingiza kifaa kuzichukua, umeshauvuruga moto wenyewe. Mwale wa leza unapita tu. Chembe zinautawanya, nasi tunapima uliotawanyika.

Saa tatu. Kabla ya moto napitisha naitrojeni tupu. Molekuli zake nazo hutawanya mwanga, kwa kiasi kinachojulikana vizuri, kwa hiyo ndizo jiwe langu la mizani. Nazungusha mkono wenye kihisi kuanzia nyuzi 30 hadi 150. Karibu na nyuzi 30 au 150 kihisi huona kipande kirefu zaidi cha mwale, basi kila namba naizidisha kwa sini ya pembe, na zote zinatakiwa zilingane. Leo ya nyuzi 30 imepanda. Kuna mwanga unadunda kwenye chuma mahali fulani. Saa nzima inaishia kwenye kuhamisha kitambaa cheusi, kipande huku, kipande kule. Atakayeniuliza uzamivu ni nini nitamwonyesha kitambaa hicho.

Saa tano. Etilini (gesi inayoungua), hewa, cheche. Kichomeo ni kisahani cha chuma chenye vitundu visivyoonekana kwa macho, upana sentimita 6, na moto unatulia juu yake ukiwa bapa: utando mwembamba wa buluu chini, rangi ya chungwa juu. Etilini tumeizidisha makusudi, hewa haitoshi kuiunguza yote. Ile rangi ya chungwa ni masizi yenyewe yanang'aa kwa joto, na inaweza kuumeza mwanga wangu. Ndiyo maana kuna kisahani kinachozunguka na kukatakata leza, na chombo kinapokea tu mwanga unaokwenda na mapigo hayo.

Saa sita mama anapiga simu. Kwao saa nane.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Bado unahangaika na moshi?"

"Bado."

"Njoo basi uupime wa jikoni kwangu."

Mtungi wa gesi anao, lakini maharage ni ya kuni. Moshi wa kuni una unyevu, lami na majivu kwa pamoja. Sisi bado tunapambana na moto msafi wa gesi moja. Hilo sikumwambia.

Saa nane, vipimo vyenyewe. Sehemu ya chini ya moto, mwanga unaotawanyika mbele na nyuma unakaribiana: chembe ni ndogo, kila moja peke yake. Nikipanda milimita chache, wa mbele unazidi. Chembe zimeshikana minyororo.

Hapa ndipo penye mtego. Kwa chembe ndogo hizi, upana ukiongezeka mara 2, mwanga unaotawanyika unaongezeka mara 64. Wachache wakubwa wanapiga kelele, umati wa wadogo hausikiki. Ndiyo maana nikiona ripoti imetoa ukubwa mmoja tu, bila kusema ni wastani wa namna gani, huwa siiamini. Sisi tunapima pia mwanga unaofyonzwa, ambao unafuata ujazo wa chembe, kisha tunalinganisha viwili hivyo.

Saa kumi mtu kafungua mlango. Punje moja ya vumbi inapita kwenye mwale, grafu inaruka hadi juu. Nasubiri, narudia.

Saa kumi na mbili kasoro nachovya kiwavu kidogo cha shaba motoni, kufumba na kufumbua, kinatoka na doa la masizi. Nafunga etilini, kisha hewa, naacha naitrojeni isafishe mabomba. Kiwavu kinakwenda kwenye hadubini ya elektroni, kwa mwenzangu asiyeziamini namba za mwanga, akahesabu chembe mojamoja.