Nilivyompatia mama jibini linalopatana na tumbo lake

Mama yangu anapenda jibini kuliko nyama, ila maziwa hayapatani naye. Kikombe kimoja tu cha maziwa, tumbo linajaa gesi, linanguruma, na usiku huo halali. Kwa hiyo miaka yote hii amekuwa akila jibini kwa woga, kipande kidogo, tena siku ambayo anajua kesho yake hana pa kwenda. Mimi nilitaka ale ashibe.

Nilipata habari za duka la shamba la ng'ombe wa maziwa, katika mji mdogo ambao wengi huupita njiani bila kusimama. Wanaosimama, husimama kwa ajili ya jibini. Nikaenda mara ya kwanza bila kuuliza lolote. Nilifika mchana, watu wamejaa, nikachagua kwa macho: bonge jeupe, laini, bichi kabisa, lililotengenezwa juzi yake. Nikalifunga kwenye mfuko wa plastiki, nikaliweka kiti cha nyuma cha gari, nikakaa barabarani zaidi ya saa tatu na jua likipiga kiooni. Nilipolifungua nyumbani lilikuwa limevuja maji na harufu imeshabadilika. Tulilitupa. Mama alikuwa ameshaandaa sahani. Hakusema kitu, na hilo ndilo lililoniuma.

Baadaye nikatambua kwamba hata lingefika salama lisingemfaa. Nilikosea mara mbili: jibini lenyewe, na namna ya kulibeba.

Mara ya pili nilianza kwa kupiga simu. Nikauliza siku gani wanatengeneza, na kama naweza kuzungumza na fundi mwenyewe. Shamba dogo halitengenezi jibini kila siku. Wanakusanya maziwa kwanza, kwa sababu kilo moja ya jibini gumu inakula karibu lita 10 za maziwa. Wakanitajia siku, wakaniambia niwahi asubuhi.

Nilifika duka ndiyo linafunguliwa. Nyuma ya kaunta kuna dirisha kubwa la kioo, na ng'ambo ya kioo kuna chumba chenye birika refu la chuma lililojaa maziwa. Fundi ni mzee mmoja mtaratibu. Nilipomsalimu na kumweleza habari za mama, akanipa koti jeupe na kofia, akanielekeza pa kunawa, akasema, "Njoo utazame mwenyewe, mwanangu. Nikikueleza tu kwa mdomo utasahau."

Maziwa yalikuwa yameshatiwa bakteria wa kuchachusha na kimeng'enya cha kugandisha, yametulia kama nusu saa kwenye joto la nyuzi 31 hivi. Kwa macho ungedhani bado ni maziwa. Mzee akachomeka kisu kwa mshazari, akakiinua polepole. Pale juu pakapasuka mpasuko mmoja ulionyooka, kingo zake safi kama za embe lililokatwa kwa wembe, na ndani ya ufa yakajikusanya maji maangavu yenye rangi ya kijani iliyofifia. Akaniambia nitazame hayo maji. Yakiwa meupe kama maziwa, bado, subiri. Yakiwa maangavu namna hii, ni wakati wa kukata.

Akashika fremu yenye nyaya nyembamba, akaipitisha kwa urefu, kisha kwa upana, hadi birika zima likawa vipande vidogo vya mraba vinavyoelea. Kadiri alivyovikoroga ndivyo maji yalivyozidi na vipande vikasinyaa. Hapo ndipo akanijibu swali langu.

"Kinachomsumbua mama yako ni sukari ya maziwa," akasema. "Sukari hiyo, sehemu kubwa inaondoka na haya maji. Inayobaki ndani ya jibini, wale bakteria wanaila na kuigeuza tindikali. Wape muda. Jibini likikaa miezi, sukari inakuwa karibu imekwisha."

Maneno machache, lakini yalinifungua. Jibini bichi nililonunua mara ya kwanza lilikuwa bado na unyevu mwingi, na ndani ya unyevu huo ndimo sukari inamokaa. Mama alihitaji jibini zee, gumu, kavu. (Hili ni kwa mtu ambaye sukari ya maziwa haimeng'enyeki tumboni mwake. Mwenye mzio wa protini ya maziwa ni habari nyingine kabisa. Jibini lolote, hata la miaka, linaweza kumdhuru.)

Kabla sijatoka akanipa konzi ya vile vipande vibichi. Ukitafuna vinalia kwenye meno, kwii, kama raba mpya sakafuni. Sauti hiyo hupotea baada ya siku moja au mbili, na ndiyo maana dukani huwezi kuipata isipokuwa ukienda siku ya kutengeneza.

Kwenye kaunta nikaonja kwa mpangilio, kutoka changa kwenda zee, maana ukianza na lenye ladha kali yale mengine hutayasikia. La miezi miwili lilikuwa laini, lina utamu wa maziwa. La miezi minane lilianza kuwa na ladha ya karanga zilizokaangwa. La miezi 18 lilivunjika lenyewe kidoleni, na ndani likawa na chembe nyeupe zinazokwaruza kama chumvi ya mawe. Nilidhani ni chumvi kweli. Kumbe ni fuwele za protini iliyovunjika kwa kukaa muda mrefu, na ukiziona ndani ya jibini la aina hiyo ujue limezeeka vizuri.

Niliuliza mengine mawili ambayo ningemshauri yeyote aulize, maana muuzaji wa sokoni mara nyingi hana jibu na hapa fundi yupo. La kwanza, kimeng'enya kimetoka wapi. Tangu zamani hutolewa kwenye tumbo la ndama, na kwa asiyekula nyama, au anayetaka kujua mnyama amechinjwaje, hilo ni jambo zito. Wao wanatumia kinachotokana na kuvu. La pili, maziwa yalipashwa joto kwanza kuua vijidudu? Mdogo wangu ni mjamzito, na jibini laini la maziwa mabichi linaweza kubeba bakteria wa Listeria, ambao ni hatari kwa mtoto aliye tumboni. Yao hupashwa joto la nyuzi 63 kwa dakika 30 kabla ya kuanza kazi. Nilifurahi kwamba hakuna aliyekereka kuulizwa.

Nikanunua vipande viwili tu: kikubwa cha miezi 18, kidogo cha miezi minane. Vilikatwa mbele yangu kwa waya na kufungwa kwenye karatasi yenye nta. Plastiki inayobana inalinyima jibini hewa, linatoa jasho na kushika harufu mbaya. Safari hii nilikuwa na boksi la kutunza baridi lenye pakiti za barafu chini, juu yake taulo, kisha jibini juu ya taulo ili lisigusane na barafu, kwa sababu likiganda linapoteza umbile na kuwa la kumeguka ovyo. Jibini gumu linavumilia safari kuliko laini, lakini sikutaka kubahatisha tena.

Nyumbani nililitoa kwenye friji saa moja kabla ya kula. Likiwa baridi halisemi kitu. Mafuta yamekaza na ladha imejifungia. Nikamkatia mama vipande vyembamba, nikamweleza habari za maji ya kijani na wale bakteria. Alisikiliza, akala kimoja, akangoja. Akala cha pili. Kufika cha nne aliacha kuhesabu, mimi nikaendelea kuhesabu kimoyomoyo hadi tisa.

Usiku niliamka mara mbili kusikiliza mlangoni kwake. Kimya. Asubuhi nilimkuta jikoni kabla yangu, chai ya rangi iko mezani, na ile karatasi ya nta imefunguliwa.

Sasa ameniomba siku ya kutengeneza jibini ikifika twende wote. Anataka kumwona yule mzee akichomeka kisu kwenye maziwa.