Pedali upande wa kushoto

Jana nimepokea mshahara wangu wa kwanza. Ujumbe wa M-Pesa uliingia nikiwa bado kwenye cherehani, nashona kola za sare za shule hapa Industrial Area, Nairobi. Niliusoma mara tatu.

Mnaonijua mnajua mguu wangu wa kulia hauna nguvu tangu utotoni. Karakana ya kwanza niliyoomba nafasi waliangalia magongo, hawakuangalia mikono. "Tutakupigia." Nasubiri simu hadi leo.

Aliyenifungulia njia ni mwalimu wangu wa ushonaji. Hakunipa pole hata moja. Alipiga magoti chini ya mashine, akalegeza nati, akasogeza pedali upande wa kushoto, akajifuta grisi kwenye aproni. "Haya dada, kanyaga." Spana moja na dakika chache tu! Na mimi miaka yote naambiwa cherehani za umeme si za watu kama mimi.

Wenzangu mlioajiriwa, jisajilini na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, kisha ombeni Mamlaka ya Mapato Kenya (KRA) msamaha wa kodi. Ukipata cheti, shilingi 150,000 za kwanza za mshahara kwa mwezi hazikatwi kodi ya mapato. Wangu haujakaribia huko (nacheka), lakini karatasi naziandaa.

Sasa imebaki vita ya matatu. Makanga akiona magongo anapiga bodi, gari linaondoka. Leo asubuhi nimepanda la nne.