Msafara wa meli haukuwa foleni

Kwetu Moshi ukisema msafara, mtu anawaza malori yaliyofuatana kuelekea Arusha. Misafara ya meli za mizigo iliyovuka Atlantiki kwenda Uingereza katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kuanzia 1939, ilipangwa kinyume kabisa: mipana ubavu kwa ubavu, mifupi kutoka mbele hadi nyuma.

Chukua meli 45. Zinapangwa safu 9 bega kwa bega, kila safu meli 5 zikifuatana. Kati ya safu na safu kuna mita 900 hivi. Meli na ya nyuma yake, kama 550. Hapo upana ni zaidi ya kilomita 7, urefu kama 2 tu. Sababu: nyambizi ya Wajerumani ilipenda kupiga kutoka ubavuni, basi ubavu ulifupishwa. Meli za mafuta na baruti zilikaa katikati.

Kazi ngumu ilikuwa kushika nafasi. Meli za biashara zina injini za kila namna, na mwendo wa wote ni wa yule mwenda pole kuliko wote. Ndiyo maana misafara iliyoitwa HX, kutoka Halifax huko Kanada, ilikuwa ya meli zenye kasi, na ile iliyoitwa SC, ya meli za polepole, ilitembea kama maili 7 za bahari kwa saa. Penye ukungu, meli ilikokota boya lililorusha maji juu, ya nyuma ilifuate.

Makaa mabaya yalitoa moshi mweusi unaoonekana mbali. Takataka zilitupwa giza likishaingia, zisimwonyeshe adui njia. Na aliyeachwa nyuma? Kwa kawaida msafara haukumsubiri.