Huyu Noor kaninyima usingizi

Jamani nina riwaya ya vita hapa, jasusi wake mwanamke, katumwa Ufaransa na ndani ya kundi lao kuna mtu anawauza wenziwe kwa Wajerumani, sasa nani? Umeme ukakatika hapa Wete mie nikawasha tochi ya simu nikaendelea, maana kila ninayemshuku ndo anakamatwa yeye. Na nimependa hajafanywa mrembo wa kulaghai wanaume tu, kazi yake ni redio, anagonga Morse (ile milio mifupi na mirefu ya kupeleka ujumbe) gizani huku sikio liko kwenye ngazi anasikiliza viatu.

Lakini kilonishika khasa ni kuwa watu hawa walikuwepo kweli. Msomeni Noor Inayat Khan, jasusi wa kweli wa vita vile. Baba yake Mhindi, sufi na mwanamuziki, mwenyewe akiandika hadithi za watoto. Juni 1943 Waingereza wakampeleka kwa siri Ufaransa, iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani, mwanamke wa kwanza kupelekwa kule kama mtu wa redio, jina la kazi Madeleine. Wenziwe wengi wakakamatwa, akaambiwa rudi, akakataa, akabaki Paris anahamahama na redio yake ili Wajerumani wasimnase. Oktoba akauzwa. Akajaribu kutoroka, wakamtia minyororo, siri hakuwapa, wakamuua Dachau, kambi yao ya mateso huko Ujerumani, Septemba 1944, ana miaka 30 tu! Wallahi nimelia.

Mwenye kitabu cha maisha yake kwa Kiswahili anambie tafadhali, hata kama kipo Unguja nitakifuata.