Nilivyotabiri kupwa kwa maji Mikindani

Kinamama wanaolima mwani katika Ghuba ya Mikindani, Mtwara, huingia shambani maji yakishapwa. Walichotaka kwangu ni kujua mapema: keshokutwa yatapwa saa ngapi, na yatashuka kiasi gani?

Kanuni ya wazee husema maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Niliifanya kuwa mshindani: modeli, yaani hesabu ya kompyuta ya kutabiri maji, isiyoishinda kanuni hiyo haina kazi.

Tulisimika nguzo yenye alama za sentimita, tukaandika kina cha maji usiku na mchana kwa zaidi ya wiki sita. Urefu huo una sababu. Maji huendeshwa na mawimbi kadhaa kwa pamoja: la mwezi hurudi kila baada ya saa 12 na dakika 25, la jua kila saa 12 kamili. Yakisaidiana ni bamvua, maji hujaa na kupwa sana; yakipingana ni maji mafu, hujaa na kupwa kidogo. Lipo na jingine, litokanalo na mwezi kuisogelea dunia na kuiacha. Kulitenga na lile kubwa la mwezi kunataka vipimo vya siku 28 hivi. Ukipima wiki moja tu, kompyuta itakupa mchoro mzuri, kumbe imeyachanganya mawimbi hayo mawili.

Programu niliiandika kwa Python, lugha ya kompyuta. Vipimo vya wiki mbili za mwisho nilivificha, haikuviona kabisa. Hapa sina mjadala: modeli kuafikiana na vipimo ilivyofundishwa navyo si ushahidi. Kwenye vile vilivyofichwa iliishinda kanuni ya wazee, na sababu ilionekana: kuchelewa kwenyewe hubadilika, kama dakika 40 siku za bamvua, zaidi ya saa nzima siku za maji mafu.

Tofauti zilizobaki nilizichunguza moja moja, maana modeli hii haijui upepo wala kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake. Kanieneo ikishuka kwa hektopaskali 1 (kizio cha kuipimia), bahari hupanda karibu sentimita 1. Kwa hiyo kila saa niliyoiandika kwenye ratiba niliiwekea dakika za mbele na nyuma, kutokana na tofauti hizo. Mama mmoja akasema, "Hizo dakika ndizo ninazozitaka, mwanangu. Najua nitoke nyumbani saa ngapi."

Nguzo bado ipo na bado tunaandika. Kuna wimbi jingine lililokaribiana mno na lile la jua, na haliwezi kutengwa nalo mpaka vipimo vitimize nusu mwaka.